Ndoo Iliyoandikwa ASARI

Treni ya Kaliua iliingia Mpanda ikiwa imechelewa kiasi kwamba abiria walikuwa wameshachoka hata kuilalamikia. Nilishuka na begi moja, simu iliyozima, na nia ya kupanda basi la kwenda Karema, ambalo hapo hapo stesheni niliambiwa litaondoka kesho.

"Kesho kweli, au kesho ya kusema tu?" nilimuuliza dereva wa bajaji.

"Hilo waulize wenye basi," alisema, akanipeleka Kashaulili, kwenye steshenari aliyodai ina umeme hata mji mzima ukiwa giza.

Mwenye steshenari aliitwa Nashon, mwanaume mpana, mpole wa sauti, aliyenionyesha soketi kwa kidevu bila kuacha kazi. Mbele ya kompyuta yake alisimama mwanamke wa makamo, kitenge cha kijani, mkoba ameubana kwapani. Kiti kilikuwepo. Alikataa kukaa.

"Jaribu tena," alisema mwanamke.

"Mama Candide, nimejaribu. Faili limekataa."

"Anayekataa ni mtu. Faili linakataaje?"

Nashon akabofya tena. Kioo kikaleta maneno yale yale, kwamba faili limeharibika na haliwezi kufunguliwa. Mwanamke akamnong'onea Mungu wake, "Mana yanje," nami, kwa kuwa niliwahi kuishi Bujumbura na mdomo wangu hauna breki, nikamsalimu kwa Kirundi.

Alinitazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Baba, mimi nimezaliwa Katumba. Kirundi ni cha nyumbani. Hapa mjini tuongee Kiswahili, maana kuna mtu akinisikia tu, ananiita mkimbizi."

Jina lake ni Épiphanie. Babu na bibi zake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, wakapewa pori la Katumba, wakaligeuza mashamba. Baba yake alilima tumbaku mpaka mapafu yakamshinda. Yeye alikwenda upande wa nyuki. Alianza na mizinga ya magogo aliyoachiwa na mjomba, akaitoa karibu na mashamba ya tumbaku kwa sababu dawa za mashambani zilikuwa zinaua nyuki, akaipeleka ndani ya msitu wa miyombo, mbali kiasi kwamba wanawake wenzake walimcheka. Asali ilipotoka safi, hawakucheka tena. Walimfuata. Hata mradi mmoja wa ufugaji nyuki ulipofika Katumba, wenye mradi walikuta kikundi kimeshasimama. Wakampa Épiphanie kazi ya kufundisha, na wakamletea msimamizi, kijana wa mjini anayeitwa Shadrack Kashinje.

"Alikuwa anaogopa nyuki," Épiphanie alisema. "Hilo si kosa. Kosa ni mengine."

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Mradi ulitaka kazi ya Katumba ielezwe kwenye mkutano wa wadau. Épiphanie akaandaa wasilisho lote kwenye kompyuta ya ofisi, slaidi moja baada ya nyingine, na picha zilizopigwa na mwenzake Mariana kwa simu ya mradi. Shadrack alipolisoma, alicheka mpaka akashika meza. Kila palipotakiwa kuandikwa asali, Épiphanie alikuwa ameandika asari.

Mtu aliyekulia kwenye Kirundi ulimi wake huiona r kwanza. L huja ikichelewa. Katumba wanajua, na hakuna anayejali. Lakini Shadrack alilitembeza neno hilo ofisi nzima. Akampa jina: Mkimbizi wa Asari. Akamwambia mkutanoni asije, atawaaibisha. Kisha akabadilisha r zote kuwa l, akafuta jina la Épiphanie, akakata picha zibaki mikono tu na masega, akasimama mbele ya wadau na kusema, hii ni mikono yangu.

"Na wewe ulijuaje?" nilimuuliza.

"Mariana alikuwepo. Ndiye anayeshika kompyuta mikutano yote. Alinipigia akiwa chooni, analia."

Mchana huo wageni wa mradi walikuwa wanakuja tena Mpanda. Shadrack angerudia wasilisho lile lile, na mwisho wa kikao angetangazwa mratibu wa mkoa. Épiphanie alitaka picha zake kabla ya hapo. Simu ya mradi ilikuwa mikononi mwa Shadrack, kompyuta ya ofisi pia. Kilichobaki ni nakala ambayo Mariana aliiiba kwenye flashi asubuhi ile. Alisikia viatu vya Shadrack kwenye korido, akaichomoa flashi faili likiwa bado linaingia.

Nashon aliposikia jina, mkono wake ulisimama juu ya kipanya.

"Shadrack Kashinje? Huyo si Msukuma wa kwetu? Baba zetu waliswaga ng'ombe pamoja kutoka Maswa mpaka huku."

"Ndiye huyo."

"Mama Candide, mbona hukusema mapema?"

"Ningesema mapema ungeniambia umeme umekatika. Unaacha?"

Nashon alifikiri. Nje bodaboda ilipita ikipiga honi bila sababu.

"Kwenye harusi yangu," alisema taratibu, "alikula sahani mbili, halafu akasimama akawatangazia watu nyama ni ngumu. Mbele ya wakwe." Akavuta kiti karibu na meza. "Lete flashi."

Alinieleza anachofanya huku akifanya, bila uhakika mwingi. Faili la namna hii, alisema, ni kama furushi. Maandishi yako kona moja, picha kona nyingine, yote yamefungwa pamoja. Hili limefungwa vibaya, kwa hiyo programu inaliona takataka, lakini huenda vitu vimo ndani. Akatengeneza nakala, akabadilisha mkia wa jina lake ili kompyuta ilichukulie kama furushi, akaliingiza kwenye programu nyingine ya kurekebisha. Ikakwama. Akajaribu programu ya pili. Épiphanie alikuwa ameushika mgongo wa kile kiti alichokataa kukikalia.

Folda ikafunguka. Maandishi ya slaidi za mwisho yalikuwa yamepotea. Picha zilikuwepo.

Nashon akafungua ya kwanza, akaikuza. Épiphanie akainama. Nikasogea.

"Si ulisema amezikata?" Nashon aliuliza.

"Amezikata. Mariana anasema kule ilionekana mikono tu."

"Basi amekata kwa nje tu. Picha nzima imebaki humu."

Ilikuwa picha nzima kweli. Katikati palikuwa na ile mikono yenye glavu nene, imeinua sega linalochuruzika. Mwenye mikono alivaa kofia yenye wavu, uso hauonekani. Mtu angeweza kubisha kwamba ni yeyote. Lakini miguuni pake palikuwa na ndoo nyeupe, na kwenye ndoo, kwa kalamu nene ya bluu, palikuwa pameandikwa ASARI. Na nyuma, chini ya mti, gari la mradi lilikuwa limeegeshwa vioo vyote vimepandishwa, na ndani ya kioo uso wa Shadrack Kashinje, macho yamemtoka, mdomo wazi.

Nashon alicheka mpaka simu zilizokuwa zinachajiwa zikatikisika. Épiphanie hakucheka. Alikuwa anaisoma ile ndoo.

"Hii niliiandika mwenyewe," alisema. "Hakuna Msukuma wa kuandika hivi hata umfunge kamba."

"Kweli. Sisi tungekosea kwingine."

"Kutoa asali mzingani mnaitaje?"

"Kulina."

"Ni kurina. R."

"Si ndiyo nimesema? Kulina."

Hapo ndipo alipocheka, kwa ufupi. Kumbe Shadrack, katika kuzibadilisha r za Épiphanie, alikuwa amebadilisha na ile iliyokuwa sahihi. Kwenye slaidi mojawapo iliyopona kilikuwepo kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MUDA WA KULINA ASALI. Wadau wote walikisoma, na hakuna aliyemcheka.

"Basi nikurekebishie," Nashon alisema. "Hapa niandike kurina, na hapo kwenye ndoo naweza kuigeuza r iwe l, itapendeza."

"Ukiigusa hiyo herufi, Nashon, nitakuvunja kidole."

"Nilikuwa nasaidia tu, mama."

"Nisaidie hivi. Tengeneza slaidi zile zile kwa mpangilio wake. Maneno yake acha, na ile kulina yake iache; ya slaidi za mwisho yaliyopotea nitakutajia mimi, niliyaandika mwenyewe. Picha tu, weka nzima. Na jina la faili liwe lile lile alilotumia Shadrack."

Nilimwelewa kabla Nashon hajaelewa. Mariana angekaa kwenye kompyuta, na angeliweka faili hili mahali pa lile. Shadrack angesimama mbele, ameshika kidude cha kubadilishia slaidi, suti imenyooka, na angebonyeza mwenyewe. Angekuwa ameshaanza kusema "hii ni mikono yangu" kabla hajageuka kuona watu wanatazama nini.

"Unaweza kuwaonyesha wakubwa kabla ya kikao," nilisema. "Ofisini, kimya kimya. Huenda hata kazi wakakupa wewe."

"Kazi wampe wanayemtaka." Hakukasirika, alinijibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Yeye hakunicheka ofisini kimya kimya. Alinicheka mbele ya watu. Nitakaa mstari wa mbele. Wakiuliza ndoo ni ya nani, nitasimama niseme, ni ya yule Mkimbizi wa Asari, na ningependa bwana Kashinje atusomee hiyo ndoo. Kwa sauti. Atalisoma hilo neno lilivyoandikwa."

Nashon alifanya kazi akila ukucha. Alipomaliza akaicheza yote mara moja, kuanzia mwanzo, na ilipofika picha ile Épiphanie alisogeza uso karibu na kioo, akautazama ule uso wa ndani ya gari kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kuukariri.

Nikamwomba twende wote. Nilitaka sana kuona.

"Hapana. Wewe na begi lako, watasema nimeleta mwandishi wa habari. Nataka wawepo wanaonijua tu."

Akaichomoa flashi, safari hii baada ya Nashon kumwambia "sasa toa," akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akapiga fundo, akalivuta kwa meno. Bajaji ilikuwa mlangoni. Alipanda bila kuaga, akamgusa dereva begani, na nikamsikia akisema, "Twende, baba, na usikimbie. Mimi leo sikimbii."

Ikaondoka polepole. Mimi nikabaki na simu yangu isiyojaa, na Nashon akabaki anajaribu neno lile peke yake, kwa sauti ya chini: kurina, kulina, kurina.