Jamvi la Mke Mwenzangu

Mimi ndiye niliyekuwa wa mwanzo kusimama mbele ya sheha na kusema kuwa watoto wetu wanakunywa tembo. Wenzangu walikuwa wanajua, wakanyamaza kwa haya. Mimi nilisema kwa sababu mwanangu, wa kidato cha tatu, alirudi alasiri moja ananuka, akapita uani bila ya kunitazama usoni.

Msimu wa karafuu ndio unaoharibu. Vijana wanachuma asubuhi, mchana wana senti zao mfukoni, na kule bondeni kwenye minazi wagema hawaulizi mtu umri. Sheha aliwakanya vijana, lakini wazazi tukaona kukanya peke yake hakutoshi. Tukapanga kuwa kazi ya kuchambua karafuu, ile ya kuzitenga na makonyo, vijiti vyake, ambayo kila nyumba hufanya barazani kwake, vijana waifanye kwa makundi. Kila alasiri mpaka magharibi, kila kundi kwenye jamvi la mama mmoja. Na mtoto asikae kwenye jamvi la mamake, maana kwa mamake hasemi kitu. Atakachokisema hapo, mwenye jamvi asikitoe nje. Sote tuliapa.

Mpango ule niliushangilia mpaka alipotajwa mwanangu. Alipangiwa kwa mke mwenzangu.

Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa makuti tu. Yeye Mungu hajamjaalia mtoto, kamjaalia kicheko. Mimi nilikaa na watoto wa watu, wananijibu ndiyo Bi, hapana Bi, na masikio yangu yako upande wa pili wa ua. Huko nilimsikia mwanangu akicheka. Kwangu alikuwa akila na kuondoka. Wivu ulinikaba, siwezi kuficha. Nikapika mikate ya kumimina, nikakaanga na visheti, jamvi langu likasifiwa mtaa mzima. Mwanangu alipelekewa kipande chake, akakila hukohuko.

Siku moja kicheko kilikatika. Nikasikia sauti ya mwanangu, ya chini, inaendelea tu, na ya yule mwanamke haisikiki kabisa. Niliinuka nikajifanya naanika makonyo karibu na ua. Sikuambulia hata neno.

Watoto walipotawanyika nilimwendea, nikamwuliza mwanangu kamwambia nini.

"Dada, n'samehe," alisema. "Tuliapa pamoja."

Nilimjibu kuwa yeye hajui uchungu wa kuzaa. Yeye akaendelea kupeta karafuu zake. Hata huo ustahimilivu wake niliuonea wivu.

Msimu ukaisha na majamvi yakakunjwa. Mwanangu alikuwa hanuki tena. Nilikuwa namnusa kila akipita, na yeye alijua kuwa namnusa. Watu walinipongeza njiani kwa kuwa ndiye niliyelianzisha jambo lile, nami nikawa naitikia alhamdulillahi. Lakini kila alasiri mtoto anavuka ua, na karafuu hakuna tena za kuchambua.

Ijumaa moja nilimpakulia wali na samaki wa kupaka anayempenda, nikakaa mbele yake, nikamwuliza kwa nini aliyasema kwa yule na si kwangu mimi mamake. Alitafuna kwanza. Kisha akanieleza kuwa haikuwa ile siku moja tu niliyoijua, kuwa alikuwa akishuka bondeni kila wiki, na kuwa kuna siku alianguka njiani akaogopa. Yote hayo mke mwenzangu alikuwa akiyajua wakati mimi nakaanga visheti.

"Weye mama n'ngekwambia ungelia," alisema. "Kisha mie nkaacha yangu, nkakaa kukubembeleza weye."

Nilitaka kumwambia kuwa si kweli. Machozi yakatangulia. Akaiweka sahani chini, akanawa mkono, akaja kunibembeleza.