Hotuba Niliyoiandika Nyuma ya Barua ya Akina Mama

Jamani, nimewahi kuaibika sehemu nyingi, lakini ile ya kijijini Kagerankanda mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, mke wangu ananiuliza kulikoni, sijui hata pa kuanzia.

Nilikuwa afisa maendeleo mgeni, mtoto wa Tanga niliyepangiwa kazi Kasulu na koti moja tu (nalo la kuazima), na muda wangu wa majaribio ulikuwa unaelekea mwisho. Bosi wangu, mama mmoja mtaratibu asiyecheka ovyo, alisema atakuja kunisikiliza nikizungumza na kikundi cha akina mama, kisha aamue kama nithibitishwe kazini au nirudi kwetu. Basi wiki tatu nzima sikufanya lolote ila kutunga hotuba ya mafanikio. Watu wakija ofisini nawaambia waache barua zao mezani, nina kazi. Karatasi ziliponiishia nikawa nachukua yoyote iliyo karibu, naandika nyuma yake.

Siku moja kabla, nikaona ninogeshe mambo kwa neno la Kiha, lugha ya wenyeji. Mzee mwenye duka ninakonunua sukari, mtu wa pwani aliyezeekea Kasulu, nikamuuliza "swali" wanaliitaje. Akasema ikibazo, akaendelea kupima mchele wake. Nami sikuuliza zaidi.

Asubuhi nikaanza na salamu yao, "Mwakeye," wakaitikia vizuri mno, kichwa kikavimba. Nikawaambia matatizo hayapo, ni mtazamo tu, na anayelalamika ana tatizo ni mvivu wa kufikiri (nililisikia redioni, nikalipenda). Tatizo, nikasema huku nikijigonga paji la uso, liko hapa kichwani, litue tu utafanikiwa. Bosi anaandika. Nikamalizia kwa madaha, "Haya akina mama, ikibazo?"

Wakatazamana. Kumbe kwa Kiha swali ni ikibazo, na tatizo nalo ni ikibazo hilohilo, kwa hiyo walichosikia wao ni kijana aliyetoka kuwaambia matatizo hayapo sasa anawauliza tatizo lao ni lipi.

Mwenyekiti wao, Mama Josia, akasimama taratibu. "Ni kweli mwanangu, liko kichwani. Letu ni ndoo ya maji, tunapanda nayo kile kilima kila siku."

Walicheka mpaka watoto wakaamka migongoni. Hapo ningekaa chini yangeishia hapo, lakini mimi nani, nikawauliza kama wamewahi kukaa wakalifikiria suluhisho. Mama Josia akanijibu bila hasira kwamba wamelifikiria sana: kuna chemchemi huku juu karibu na nyumba zao, mawe ya kuijengea wameshasomba, fundi wanaye, mwenye shamba amekubali, kilichobaki ni ofisi yangu kwenda kukagua. "Na barua tulikuletea," akasema. "Ukasema tuiache, unaandika."

Bosi akauliza barua iko wapi. Nami, kwa kuhangaika, nikageuza ukurasa wa mwisho wa hotuba yangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipoiona, dole gumba la kila mama limegongwa kwa wino wa bluu. Nilitamani ardhi ipasuke. Bosi akanyoosha mkono, akaisoma yote kwa sauti, halafu akaugeuza upande wangu akausoma nao: "Mafanikio huanza kwa kusikiliza."

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Akawauliza palepale kama wananitaka au aniondoe. Mama Josia akaniangalia kuanzia koti mpaka viatu, nikaona Tanga ile pale. "Mtuachie," akasema. "Kusema anajua. Kusikia tutamfundisha."

Mchana uleule nilipandishwa kwenye chemchemi na viatu vyangu vya kikao, nikakagua huku nimezama kwenye tope. Kuthibitishwa sikuthibitishwa, niliongezewa miezi sita ya majaribio. Nimeapa sitasimama tena mbele ya watu kuwaeleza shida yao kabla wenyewe hawajanieleza, na kikao chochote siku hizi natoa daftari nawaambia waanze wao. Miezi ile sita, jamani, iligeuka miaka saba, na siku nilipohamishwa nililia ndani ya basi mpaka Kibondo.