Nyundo Ikiwekwa Chini

Fundi viatu wa pale kona hana dini, wala hafichi. Misumari midogo huishikilia kwa midomo, hivyo maneno yake hutokea pembeni. Kibanda anagawana na mama mshonaji, ambaye maradhi ya bintiye hayajamwachisha sala hata siku moja. Mama akiingia nyuma ya pazia kusali, fundi huweka nyundo chini. Hakuombwa. Siku hizi watu hushindana kwa vipaza sauti. Adabu kama hiyo utaitafuta kwa tochi.

Jana binti alikuwa anapasuliwa hospitalini. Mama alisali, akarudia, akarudia tena, na fundi akakaa kimya, kiatu mapajani. Mteja akaja juu: “Mzee, gonga hicho kisigino, nachelewa!”

“Ngoja, bwana. Mwenzangu anasali.”

“Kwani wewe unaamini hayo?”

“Nimesema naamini? Nimesema anasali.”

Mteja akasonya, akanyakua kiatu chake na kisigino chake kinachoning'inia, akaenda zake. Fundi hakumtazama. Jicho lake lilikuwa kwenye simu ya mama, pale juu ya cherehani. Ilipolia, mama alitoka mbio, akasikiliza, akaketi sakafuni akicheka na kulia.

“Ameamka, kaka! Anadai chai!”

Fundi alitema misumari kiganjani, akashusha pumzi kana kwamba ni yeye aliyepasuliwa.

“Rudi ukamshukuru Mungu wako, dada,” alisema. “Na mimi unitaje. Mwambie ni jirani yako, yule asiyepiga hodi kwake.”