Kamba ya Mpaka wa Jeanne

Kwa miaka kumi na minne Herieth amekuwa mjumbe wa baraza la kata, Heru Juu. Malipo yake na kazi yake vimepangwa kisheria. Malipo ni posho ya kununulia sabuni na chumvi. Kazi, zamani, ilikuwa kuamua kesi za ardhi. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa. Sasa baraza linasuluhisha tu. Wagombanao wasipopatana ndani ya siku thelathini, wajumbe huandika cheti, na mlalamikaji akaanze upya kwenye baraza la wilaya, Kasulu mjini.

Gasper alilijua hilo. Aling'oa minyaa ya mpaka, akaipanda hatua nane ndani ya shamba la muhogo la jirani yake, Jeanne, mjane. Herieth na wajumbe wenzake wawili walipofika, minyaa ilikuwa imenyauka na mashimo ya zamani yalikuwa wazi.

"Gasper, mashimo haya ni ya nani?"

"Ya panya, mama." Mjumbe mmoja akacheka. Gasper akaendelea, "Lakini mimi sipendi ugomvi. Tugawane. Hatua nne kwake, nne kwangu."

"Unagawa chako au cha mwenzio?"

"Wewe suluhisha tu, mama. Kuhukumu walishawanyang'anya."

Mwizi anayerudisha nusu hajarudisha kitu, amepewa nusu. Herieth alilijua hilo, lakini halikuwa tena lake kulisema.

"Nimekubali," alisema Jeanne. "Nikienda kushinda Kasulu nikifuata kesi, muhogo ataupalilia nani?"

Desturi ya baraza lile ni kuuliza mara tatu.

"Kwa hiari yako?"

"Nimekubali."

Akauliza mara ya pili, jibu likawa lile lile. Mara ya tatu Herieth alikawia kuuliza. Jeanne angenyamaza tu, yeye angeandika kwamba suluhu imeshindikana, na hatua zote nane zingebaki na mtu wa kuzidai.

"Nimekubali, mama. Andika."

Akaandika. Wote wakatia saini, Gasper wa kwanza.

Mpaka mpya hupimwa mbele ya mjumbe. Herieth alishika ncha moja ya kamba, Jeanne akashika nyingine, na Gasper akapita katikati akipanda minyaa, vidole vyake vyeupe kwa utomvu. Wakafika kwenye miche ya mwisho.

"Vuta kidogo, mama," alisema Jeanne. "Imelegea."

Herieth akavuta.