Saa ya Baba na Ncha ya Kisu cha Bibi

Bwana Mhariri, nifichie jina kama ulivyowafichia wengine. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, wa hapa Mji wa Kale. Asubuhi husoma Kiingereza, alasiri Kiarabu, na kwa lugha zote mbili siwezi kusema mbele za watu. Kuandika ndiko ninakoweza.

Baba ana saa aliyouziwa na baharia wakati wa vita. Ina vitufe viwili ubavuni: cha juu huutoa mbio mshale mwembamba na kuusimamisha, cha chini huurudisha. Kila Ijumaa yeye na rafiki zake hushindana kwa saa zao barazani, nami nawasikiliza nyuma ya mlango nikipara samaki. Nimeshajua wanachotafuta: kitufe kisiwe kigumu wala kisilegee, na mshale urudi pale pale kwenye kumi na mbili. Hawajui kama najua.

Bibi naye ana kisu chake, hakiazimwi. "Chuma kiingie mpaka mwisho wa mpini," huniambia, "na ukikilaza juu ya kidole kisielemee upande."

Alhamisi moja fundi wetu wa saa, Mhindi mzee mwenye duka mtaa wa Ndia Kuu, aliileta saa ya baba ameisafisha. Kesho yake baba akioga kwenda msikitini, nilishikwa na hamu ya kuona ule mshale unaendeshwa na nini. Nikapenyeza kisu cha bibi chini ya kifuniko cha nyuma. Kikateleza, kikakwaruza ukingo, ncha ikakatika. Lakini kifuniko kilifunguka, na wallahi sijaona kitu kizuri kama kile. Nikagusa gurudumu moja. Mlango wa bafu ukalia, nikafunga upesi kwa kiganja.

Alasiri rafiki yake baba akaipindua saa mwangani. "Shekhe, saa yako imefunguliwa kwa kisu cha jikoni! Tazama ukingo huu."

"Haiwezekani. Imetoka kwa fundi jana."

"Basi fundi wako siku hizi anakatia vitunguu humo humo dukani."

Wakacheka. Baba akabonyeza. Mshale ukarudi, ukasimama kando ya kumi na mbili. Hapo hapo akasema fundi amemharibia, na baraza zima likaapa kutompelekea saa tena.

Juzi fundi alikuja kwetu. Hakuteta. Aliikazia saa macho.

"Bwana, mimi sifungui kwa kisu," alisema. Akapitisha kidole ukingoni. "Lakini mkwaruzo nauona. Labda chombo kiliteleza nisijue. Macho haya, Bwana…"

Akasema mwisho wa mwezi atafunga duka. Nilikuwa nyuma ya mlango. Sikutoka.

Na bibi ameniuliza, "Kisu changu kimekatwa na nini?"

"Mfupa wa papa, Bibi."

"Tangu lini papa akawa na mfupa?"

Alinitazama sana. Hajauliza tena.

Nikisema, baba ataumbuka mbele ya wenzake, na shule huenda ikawa basi. Nisiposema, mzee ataondoka akiamini mikono yake ndiyo iliyokosea. Zimebaki siku tisa. Wasomaji, mnaojua kusema na watu, niambieni: nimwendee baba kwanza, au niende dukani kwa fundi mwenyewe? Na nikishasimama mbele yake, neno la kwanza liwe lipi?