Njia ya Gari Mpaka Barazani kwa Mama

Bei niliyoiona kwenye simu ilinidanganya. Ilikuwa bei ya vitofali vya pevingi, vile vya kutandaza uwanjani, kwa mita moja ya mraba. Nikaizidisha kwa ukubwa wa uwanja wetu wa Kilosa, nikajiona mjanja. Fundi alipofika kutoka Morogoro aliukanyaga ule udongo mweusi kwa kisigino, akacheka.

"Bosi, hiyo ni bei ya kununua vitofali tu. Bado kuchimba, kifusi, mchanga, kingo za pembeni na mashine ya kushindilia. Tukipanga juu ya udongo huu wa mfinyanzi, masika ijayo vyote vitabenuka."

Nilimkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta ule udongo. Lakini ningefanyaje? Mama alikuwa amevunjika nyonga, na tangu atoke hospitali alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Ndani ya nyumba alijisukuma vizuri tu. Akivuka baraza, magurudumu yalizama kwenye tope. Huyu alikuwa mwanamke wa sokoni, wa harusi na misiba, na sasa alikaa dirishani akiwauliza wapita njia habari za watu wengine. Alitaka kitu kimoja, kufika barabarani mwenyewe.

Mimi nikataka gari lifike mlangoni. Nilikuwa nimenunua kagari kadogo, kamechoka kidogo, na tayari nilimwona mama akikapanda hapo barazani kama mke wa waziri. Basi mshahara wangu wa Mikumi, ninakofanya kazi, ukawa wa kifusi. Lori la kwanza likamwaga, ardhi ikameza. La pili, ikameza. Kisha mvua zikaanza na fundi akapotea, kwa sababu alikuwa amekodi shamba Magole, na mvua zikianza huku hakuna fundi wala karani, wote ni wakulima. Aliporudi, saruji ilikuwa imepanda bei. Kila nikipiga simu nyumbani mama aliuliza, "Bado?" Nililichukia neno hilo. Angeuliza kwa hasira ningejua la kumjibu, lakini aliuliza kwa upole.

Kazi ilikwisha wakati watu wanavuna mahindi. Pevingi ilitandazwa kutoka barabarani mpaka barazani, na pale kwenye baraza fundi akatengeneza mteremko wa kiti. Nikamwambia mama ajiandae, Jumapili nitampeleka kanisani kwa gari.

Jumapili nikafika, nikafunga breki barabarani. Njia yangu yote ilikuwa imefunikwa mahindi. Majirani walikuwa wameyaleta kutoka mashambani kwao Masanze, wakayaanika kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mama alikaa barazani, amevaa nguo za kanisani, akifukuza kuku kwa fimbo. Kwetu, mwenye sakafu ngumu hamnyimi jirani pa kuanika. Nilijua hivyo, na bado nilipiga honi.

Nilishuka, nikapita pembeni kwenye majani mpaka barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usipige honi, watu wamechoka na mavuno."

"Mama, hii ni njia ya gari! Unajua imekula pesa kiasi gani?"

"Najua. Umeniambia kila wiki."

Wanawake wawili waliokuwa wakigeuza mahindi walinisalimu kwa aibu, wakachukua mafagio. Wakayasogeza mahindi, wakafungua kijia kando ya ukingo, upana wa kiti chake tu. Mama akajifunga kitenge vizuri, akashuka mteremko. Nilitaka kumsukuma, akautoa mkono wangu. Akaenda, akisimama kila baada ya kidogo kupokea salamu za watu waliokuwa barabarani, mpaka akafika kwenye gari, akihema na kutabasamu.

Kisha akageuza kichwa, akakitazama kile kijia.

"Kumbe hivi tu ilitosha," akasema. "Ningekuwa natoka tangu masika."

Hakuwa akinilaumu. Alisema kama mtu anayepima kitambaa. Kijia kile ningekilipia kwa pesa ya lile lori la kwanza la kifusi na chenji ikabaki.

Nikamfungulia mlango wa gari. Akasema kanisa si mbali, atakwenda hivyo hivyo. Akashika magurudumu, akaelekea huko, nami nikamfuata na gari polepole, nimejaa hasira na sijui nimkasirikie nani.