Mchumba wa Binti Yangu na Maziwa Yaliyomwagwa Ngaremara

Msomaji huyu wa Isiolo ametuomba tusitoe jina lake. Majina mengine pia tumeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mjane, nauza leso hapa Isiolo. Watu husema nina mdomo mkali. Sawa. Leo huo mdomo umekwama, kwa sababu jambo hili limenishinda.

Binti yangu Sahra ameposwa na mkaguzi wa mabasi. Kampuni yao imeleta kadi: unalipia dirishani mjini, konda anaitoboa, na ndani ya basi ni marufuku kushika pesa. Maendeleo, wanasema. Lakini dirisha liko mjini tu. Anayepandia Ngaremara aitoe wapi hiyo kadi? Shilingi ya Serikali inapokelewa dukani, hospitalini, hata msikitini. Ndani ya basi imekuwa uchafu!

Wiki iliyopita nilipandia Ngaremara pamoja na Nakiru, mama wa Kiturkana anayeleta maziwa mjini. Mkaguzi akaingia, ndiye huyo mchumba wa Sahra, akaniona.

"Salaam aleikum, mama. Wewe kaa tu." Hakuniuliza kadi. Akamgeukia Nakiru. "Kadi?"

"Sina, baba. Pesa ndiyo hii."

"Mimi si duka. Shuka."

"Na maziwa? Jua hili yatafika kweli?"

"Basi yatangulie yenyewe."

Watu wakacheka. Akakinyakua kibuyu cha maziwa cha Nakiru, akakitupa nje, kikapasuka. Maziwa, jamani! Kwetu wafugaji hata mtoto akimwaga tone hukemewa.

Nikasimama. "Hata mimi sina kadi!"

"Lakini mama, wewe ni mtu wetu."

Nikashuka. Tulitembea na Nakiru mpaka lori la mchanga likatubeba.

Asichojua kijana yule ni kwamba nilipomzaa Sahra niliugua, maziwa yakanikauka. Nakiru ndiye aliyemnyonyesha, ziwa moja kwake, moja kwa mwanawe. Kwa dini yetu huyo ni mama yake.

Kijana alipoambiwa hayo, alikuja mbio na wazee wake na kondoo. Akamshika Nakiru mkono, analia. "Nisamehe, mama. Ningejua wewe ni mama wa Sahra, nisingekugusa."

Wazee wakasema mashaallah. Nakiru mwenyewe akasema, "Yameisha. Msivunje harusi kwa sababu ya kibuyu." Sahra akanikumbatia kwa furaha. Mimi peke yangu sikufurahi. Kwa hiyo angekuwa Mturkana mwingine, asiye na Sahra, ingekuwa halali?

Ijumaa wazee wanarudi kuchukua jibu, na ami yake Sahra ameapa hatafunga nikaha bila kauli yangu. Sahra amenikasirikia. "Mama Nakiru amesamehe," anasema, "wewe unakasirika kwa niaba ya nani?"

Kwa niaba ya yule atakayepandia Ngaremara kesho. Lakini je, ni haki nimvunje moyo binti yangu kwa ajili ya mtu nisiyemjua? Au nimkabidhi kwa mwanamume anayeuliza kwanza wewe ni wa nani, ndipo akuone mtu? Ndugu wasomaji, Ijumaa ni karibu. Nambieni, niwajibu nini wale wazee?